Ngozi ya Ng'ombe wa Mjomba

Mvua ilipozidi, mbuga yote iligeuka tope. Ng'ombe, ambao wana akili kuliko Wajerumani, wakapanda kulala juu ya tuta la reli, palipo pakavu. Tulisikia garimoshi linakuja kutoka Dodoma. Mume wangu Matonya alikimbia akawaswaga wote wakashuka, isipokuwa mmoja mwekundu mwenye mimba. Garimoshi lilimgonga, likasimama.

Tukajitupa kichakani. Askari akashuka na kiboko, Mzungu wake nyuma.

"Ng'ombe wa nani?"

Amri tuliijua: mnyama akizuia garimoshi, mwenyewe anachapwa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano. Jirani yetu alichapwa mwaka uliopita, tukamzika. Kwa hiyo nilinyamaza, nikamshukuru Mungu kwa kile kichaka. Wapishi wa garimoshi walikuwa wameshaanza kumchuna. Na waile nyama, nikasema moyoni, wavimbiwe. Kumbe mwenzangu alikuwa anaangalia ngozi.

Ng'ombe yule hakuwa wetu. Alikuwa wa mjomba wa Matonya, Mzee Ndahani wa Makutupora, aliyetuwekea tumtunze na tunywe maziwa yake. Kwetu, ng'ombe wa kuwekewa akifa, mwenyewe analetewa ngozi. Usipoileta, basi umemuuza, au umemla. Mjomba angewachukua na wale wengine wote, na hakuna ambaye angetuamini tena hata na mbuzi.

"Baba Tabu, usithubutu," nilimnong'oneza. "Mjomba tutamweleza."

"Kwa mdomo mtupu?"

"Heri mdomo mtupu kuliko maiti."

Mpishi aliikunja ngozi, akaitupa ndani ya behewa. Moshi ukaanza kupanda. Nilimkumbatia Matonya kiunoni kwa nguvu zangu zote. Alinibandua vidole kimoja kimoja, wala hakunikasirikia, na hilo ndilo lililonichoma. Akatoka kichakani.

"Ni wangu mimi," alimwambia askari. "Nichapeni, lakini ngozi mniachie."

Askari alimtafsiria Mzungu. Mzungu akacheka, akakubali.

Kuchapwa kwenyewe sitakueleza. Niliuma shuka nisisikike. Nilimchukia Mzungu, nilimchukia mjomba, na Matonya pia nilimchukia. Garimoshi lilipoondoka alikuwa bado anapumua, na ngozi imetupwa kando yake.

Alipoweza kusimama tulikwenda Makutupora kwa kukokotana, ngozi nimeibeba mimi. Mjomba alipokea shikamoo zetu, akaitandaza ngozi, akaipindua huku na huku.

"Mkia uko wapi?" akauliza.

Nilimgeuza mume wangu, nikamfunua mgongo.

Mjomba alitazama, akaketi chini. Kisha akainuka kwenda zizini, akarudi anavuta mtamba, na kamba akaniwekea mkononi mimi.

"Mpelekeni nyumbani," alisema. "Mtamba huyu akifa, njooni mniambie tu."