Mboje Alivyomtetea Hellena

Mboje alikuwa amesimama katikati ya mkutano wa mtaa pale Malangali, kofia mkononi, akimwombea Hellena huruma. Alimweleza Lutengano, afisa aliyekuja kuhakiki kaya zinazopokea ruzuku ya serikali, kwamba jirani yake akiondolewa kwenye mpango, yeye na binti yake watakwisha.

"Ona mwenyewe, mheshimiwa," alisema. "Huyu mama hana hata ndama."

Watu wakaguna kwa huruma. Hellena akainamisha uso. Alikuwa amejiapiza kunyamaza, maana ruzuku ile ndiyo iliyomvalisha Debora sare tangu baba yake afariki, na sasa binti anakwenda bweni, kidato cha tano. Kunyamaza tu, jina libaki. Mdomo uliponza kichwa, alilijua hilo.

Lakini Mboje ni Msukuma aliyehamia na mifugo yake. Kwake mali ni ng'ombe, kingine chote ni kitoweo. Akaendelea kueleza jinsi mama wa watu anavyolala njaa, anavyohangaika na vijinguruwe vyake viwili vitatu.

Vijinguruwe! Hellena alisimama kabla hajajua kwamba amesimama.

"Shemeji, asante, kaa," alisema. "Nguruwe wangu ni kumi na wanne, na banda lao lina saruji kuliko sebule yako. Nilianza na mmoja, wa ruzuku hiyohiyo. Mnadani ushuru nalipa kama wewe. Nani kakwambia nalala njaa?"

Mkutano mzima ukaangua kicheko. Lutengano akamuuliza kwa upole kama anaelewa alichokisema. Akajibu kuwa anaelewa, sauti imara kabisa.

Uimara huo ulimwisha njiani. Alifikiria godoro la Debora, ndoo, nauli, akatamani arudi akayameze maneno yake. Kisha akajikuta anacheka peke yake barabarani kama mwehu, upepo unampeperusha khanga, kwa furaha ambayo hakuijua tangu ujane umkute.

Mboje akamfikia, akatembea kando yake amenuna. Walipokaribia nyumbani akakohoa.

"Mama Debora," alisema chinichini, mkewe asisikie. "Jike mmoja mdogo, unaweza kuniuzia?"

"Jenga banda kwanza."

Asubuhi, akimimina machicha ya pombe kwenye kihori cha nguruwe, Hellena alimwona ng'ambo ya ua. Mboje alikuwa anapima ardhi kwa hatua ndefu, na ng'ombe wake wote wamesimama wanamtazama.