Kahawa ya Kuaga

Kosa lilikuwa la Senad mwenyewe, na alilikubali: ukiwa na haraka huku Bosnia, usipige hodi nyumba ya mama mtu mzima kuomba maji. Alikuwa ameendesha baiskeli peke yake siku ya nne, na kivuko cha mwisho kilikuwa saa kumi na mbili. Ng'ambo ya mto alikuwa anasubiriwa na bintiye, yule aliyemcheka, "Baba, na kitambi hicho hufiki!"

Bi Rukija alimkalisha chini ya mzabibu. Ikaja kahawa ya kumkaribisha, ikafuata ya mazungumzo, na pai ya viazi juu yake. Ilibaki ya kuaga tu, na mgeni haondoki kabla hajainywa.

"Mama, kivuko kitaniacha!"

"Kitakuachaje, mwanangu? Mwenye kukiendesha ni mume wangu, kalala humo ndani. Kahawa ya kuaga naipika akiamka. Kula."

Jua lilishagusa mlima. Dirishani ulitoka mkoromo wa kushiba. Senad akagonga kioo taratibu.

"Mzee wangu, shikamoo. Naomba uamke, binti yangu ananicheka huko."