Maji ya Fundi Nzuki

Kila fundi Nzuki alipoletewa kaki ya kushona, maji yaliisha dukani. Alilipiga debe teke kidogo lilie utupu, kisha akaita bila kugeuza shingo, "Muthoki! Maji hakuna." Na Muthoki, mwanamke mzima aliyewahi kuolewa na kurudi kwao, aliacha sindano katikati ya tundu la kifungo, akabeba debe mgongoni, ukanda kwenye paji la uso, akateremka mtoni.

Mto wenyewe ulikuwa mchanga mtupu. Maji yalijificha chini, ukayafukue kwa mikono, ungoje yajikusanye, uyachote kwa kibuyu kidogo kidogo huku walio nyuma yako wakikuhimiza kwa matusi. Muthoki alirudi sokoni Tawa jioni, akalimimina debe ndani ya pipa, akaenda kulala. Asubuhi akifika, pipa limekauka.

"Haya, nenda tena," Nzuki alisema.

"Fundi, maji yote yale umeyafanyia nini?"

"Nimeoga. Kwani kuoga ni dhambi?"

Akienda tena na kurudi, anakuta vipande vya kaki vimeshakatwa na kupangwa mezani, mkasi umerudi kwenye sanduku, sanduku limefungwa, ufunguo uko shingoni mwa Nzuki. Kazi yake ilikuwa kuunganisha, kupiga pindo, kushona vifungo. Kukata hakuwahi kukuona hata siku moja. Na fundi asiyejua kukata si fundi, ni kibarua mwenye sindano.

Haya ndiyo mafunzo ambayo mama yake, Ndululu, aliyalipia mbuzi. Mbuzi mwenyewe alikuwa akikamuliwa, wa pekee nyumbani, na Ndululu alimleta hadi barazani kwa Nzuki akimvuta kwa kamba na kumsemesha njiani kama mtu. Walikubaliana waziwazi, mbele ya Hemedi, mwenye duka ambalo Nzuki alishonea barazani mwake: mvua zikija na kupita, Muthoki awe anajua kukata na kushona, aondoke na ufundi wake. Mvua zilikuja, zikapita. Zikaja nyingine. Mbuzi alizaa nyuma ya duka, na Muthoki ndiye aliyemkatia majani.

"Bado," Nzuki alimwambia kila alipouliza. "Mkono wako bado mzito."

Mkono mzito! Mkono uliosuka vikapu vya viondo tangu utotoni, uzi wa katani ukipita kwenye vidole vyake bila macho kutazama. Muthoki alimeza hasira, kwa sababu kulikuwa na jambo lingine. Wakati ule chifu aliwatoa watu kila juma kwenda kuchimba matuta ya serikali, na askari wake hawakutaka kujua nani mgonjwa nani mzima. Mwenye kazi sokoni hakuguswa. Nzuki alilijua hilo vizuri. "Ukitoka kwangu," alikuwa akimwambia taratibu, huku akitia uzi kwenye cherehani, "jembe linakungoja." Mama mtu alikuwa akichimba peke yake, akijipa moyo kwamba siku moja mtoto wake atakaa barazani na cherehani yake, na hakuna askari atakayemwita kwa kidole.

Kinachoudhi zaidi ni kwamba Nzuki mwenyewe alifundishwa bure. Wakati wa vita jeshi lilimweka kwenye karakana ya kushonea askari nguo, likamlisha, likamlipa, likamwonyesha kila kitu kuanzia sindano hadi mkasi. Aliporudi alikwenda Kitui kutafuta kazi ya ufundi kwenye ofisi za serikali, akaambiwa fundi Mwafrika hatakiwi, kama anataka abebe magunia. Alirudi Tawa akiwa amevimba kwa hasira, na kisa hicho alikisimulia kila siku, akigonga meza. Ungedhani mtu aliyefungiwa mlango vile hawezi kumfungia mwenzake. Lakini yeye alikwenda moja kwa moja kununua kufuli.

Aliyemfumbua macho Muthoki ni Mishi, mke wa Hemedi. Watu wake walitoka pwani zamani, na alikuwa na ulimi usiojua kubembeleza. Siku moja alimkuta Muthoki nyuma ya duka akimlisha mbuzi, akasimama mlangoni na kanga yake kichwani.

"Mwanangu, wewe unangoja nini hapa?"

"Nangoja anifundishe kukata, mama."

"Akufundishe ili ukakae wapi? Si baraza hii hii? Si watu hawa hawa? Hakufundishi leo wala kesho. Umempa mbuzi, ukampa na mchungaji wa mbuzi."

Muthoki aliingia barazani na mkono bado una majani.

"Fundi, nifundishe kukata leo."

"Bado."

"Basi nirudishie mbuzi wa mama yangu."

Nzuki alicheka. Alicheka hadi wateja wakageuka. "Mbuzi ni ada. Shule inarudisha ada?"

"Shule inafundisha," alisema Muthoki. Alivua subana ya kushonea kidoleni, akaiweka juu ya meza, akatoka.

Juma lililofuata askari wa chifu alikuwa mlangoni kwao. Muthoki akachimba matuta kando ya mama yake, jua la Makueni likimchoma mgongo, na kila alipoinua jembe aliona shingo ya Nzuki na ule ufunguo. Ndululu hakumlaumu. Aliuliza tu, "Mbuzi wangu amenenepa?" Muthoki akaona afadhali angepigwa.

Hasira ile ndiyo iliyomfikirisha. Ukitaka kujua kiondo cha mwenzako kimeanzwaje, unakifumua. Kila msichana wa Ukambani anajua hivyo. Hakuna anayekwenda kumpigia magoti mwenye kiondo. Kwa nini nguo iwe tofauti?

Aliitisha mwethya. Wanawake wa kule walisaidiana hivyo: leo shamba langu, kesho lako, na anayeita anapika. Lakini safari hii Muthoki aliwaambia wasilete majembe. Walete nguo kuukuu, na wembe au mwiba.

"Unataka kufungua duka la matambara?" mmoja alimtania.

"Nataka kuona Nzuki anaficha nini."

Walikuja wakicheka, wakakaa uani, wakafumua. Koti la jeshi, kaptula za shule, mashati, gauni alilolileta Mishi. Mama mmoja, kwa ushujaa wa siku ile, alifumua suruali ya pekee ya mumewe, na mume akashinda ndani amejifunga blanketi, akilaani wanawake wote wa Tawa kwa majina. Vipande vilitandazwa juu ya udongo uliofagiliwa, na Muthoki akazunguka akivitazama. Kumbe kaptula ni vipande vichache tu! Kumbe ile nyuma inakatwa ndefu kuliko mbele, ndiyo maana mtu anaweza kukaa! Alivichora vyote kwenye magunia ya karatasi aliyopewa na Mishi, akacheka kwa sauti, halafu akalia, kwa sababu ya miaka ile yote.

Mishi alimkopesha cherehani ya mkono aliyokuja nayo alipoolewa, Muthoki akaketi nayo pembeni mwa soko. Na bahati ikafuata: mwalimu Mwangangi wa shule ya jirani alitaka watoto wote wavae kaptula za kaki. Akina mama, waliochoka kungoja zamu kwa Nzuki na kutorudishiwa vitambaa vinavyobaki, walimletea Muthoki. Alikata kwa kufuata zile kaptula kuukuu, akashona, akarudisha kila kipande kilichobaki. Watoto walivaa, wakapendeza. Hata askari wa chifu alipopita alimwona kwenye cherehani, akaendelea na safari yake. Ndululu alikaa kando yake mchana kutwa bila kazi yoyote, akitazama watu wanavyomtazama mwanawe.

Juma moja tu.

Mama Kiema, mmoja wa akina mama wale, ndiye aliyekuwa wa kwanza kurudi, siku ya soko, kaptula mkononi kama mtu aliyeshika panya kwa mkia. Nyuma yake walikuja wengine. Kaptula zilikuwa zimerudi, zimekuwa ndogo, hazipandi mapajani. Mtoto mmoja alijaribu kukaa darasani, mshono ukapasuka mbele ya shule nzima.

Nzuki aliacha kazi yake akaja katikati ya soko kufurahi. "Oneni! Nilisema mkono wake mzito. Tulimwambia ashone kaptula, ameshona soksi!" Watu walicheka, maana lilichekesha. Ndululu aliinuka kando ya binti yake, akajifunga kanga kiunoni kama anayekwenda kwenye matuta.

"Lakini ilikuwa inamtosha," Mama Kiema alisema, karibu kulia. "Ilimtosha vizuri kabisa, mpaka nilipoitia maji."

Muthoki aliishika ile kaptula. Maji. Alilirudia neno hilo kimoyomoyo. Kaptula kuukuu alizofumua zilikuwa zimeshafuliwa mara nyingi, zimesharudi zote. Kaki mpya ya dukani bado ilikuwa haijarudi. Na zile za Nzuki hazikurudi kamwe, kwa sababu kabla ya mkasi alikuwa akiinywesha kaki maji. Jioni anailoweka, usiku inakauka chumbani kwake, asubuhi anamtuma mjinga mtoni ili akate peke yake. Kuoga! Siri nzima ya ufundi ule Muthoki alikuwa ameibeba mgongoni mwake, debe baada ya debe, akipanda nayo ule mlima, na hakupewa hata hiyo aliyoibeba.

Hakupiga kelele mara moja. Alikwenda nyuma ya duka la Hemedi, akalichukua lile debe, akarudi nalo, akalibwaga chini mbele ya Nzuki hadi kuku wa sokoni wakatawanyika.

"Fundi, uliniambia unaoga."

Nzuki akaacha kucheka.

"Akina mama, sikieni!" Muthoki aliwageukia wote. "Nimewaharibia, na nitatengeneza. Lakini mjue nimewaharibia kwa sababu gani. Kaki mpya inalowekwa majini kabla ya kukatwa. Ikauke, ndipo ikatwe, isirudi tena. Basi! Ni hilo tu! Mtoto wa darasa la kwanza angelielewa kabla ya uji kupoa. Huyu alichukua mbuzi wa mama yangu, akanifanya punda wa maji, na neno hilo moja akaninyima!"

"Ni siri ya kazi," Nzuki alisema chini chini. "Mimi niliteseka—"

"Uliteseka Kitui! Mimi nimekutesa lini?"

Nzuki alitazama huku na huku akitafuta mwanamume wa kucheka naye, na wanaume wakaona kumbe wana bei za mbuzi za kuuliza upande wa pili wa soko. Mishi alikuwa ameshaibeba ile cherehani ya mkono. Aliiweka barazani, upande wa pili wa mlango, sawa na ya Nzuki, akamwambia mumewe aliyekuwa akifungua mdomo, "Hemedi, baraza ni ndefu."

Akina mama hawakumsamehe siku ile, tusidanganyane. Walinung'unika, na wawili walidai kaki yao. Lakini walikuwa na vile vipande vilivyobaki, walivyorudishiwa, ambavyo Nzuki hakuwahi kumrudishia mtu. Walivileta. Muthoki alivitia maji kwanza, akavianika, akaita tena mwethya, wakafumua kaptula zote ubavuni na kuzitia ukanda mpya wa kaki ili zipanuke. Safari hii hakukata peke yake. Aliukata wa kwanza akiwaonyesha, kisha akampa Mama Kiema mkasi, na Mama Kiema akamwambia, "Mimi? Nitaharibu." Muthoki akamjibu, "Haribu hapa nikiona." Watoto wa Mwangangi walivaa kaptula zenye ukanda mpya ubavuni muda mrefu, na ukiwaona njiani ulijua nguo imepita mikono gani.

Mbuzi hakurudi. Hadi mwisho Nzuki alisema ada ni ada, na chifu akamuunga mkono. Muthoki hakulisahau hilo, na wala mimi sikuombi ulisahau. Ndululu aliendelea kumwita yule mbuzi kwa jina kila alipopita nyuma ya duka, naye mbuzi akaendelea kuitika.

Lakini mwanafunzi mwingine Nzuki hakumpata. Nani angetoa mbuzi kwa ajili ya jambo linalojulikana kisimani? Kwa hiyo akiletewa kaki, ilimbidi ateremke mwenyewe, debe begani kwa kuwa mwanamume habebi kwa ukanda, koti la jeshi likilowa upande mmoja. Wanawake waliokuwa wakifukua mchanga walimwona akija tangu mbali. Hawakumtukana. Walimpisha kwa heshima zote, na mmoja wao alimwuliza kwa upole, kwa sauti ya kusikika ng'ambo:

"Fundi, leo unaoga au unakata?"