Mke Mwenza Mwenye Magurudumu

Mke mwenza wangu ana magurudumu manne. Ni gari la zamani, lililoizidi ndoa yetu kwa umri, na mume wangu humwita Bibie. Mimi huniita "wewe".

Juzi feni yake ya kupuliza hewa ya moto iligoma. Baridi ilikuwa kali, na kikohozi kilikuwa kimenikaba wiki nzima, lakini mgonjwa aliyepata daktari ni Bibie. Nikaketishwa kitini niwe nawasha na kuzima swichi, huku bwana amejikunja chini ya dashibodi na taa yake ya kupimia umeme.

"Fyuzi nzima," akanong'ona. "Na umeme unafika kwenye mota. Sasa unaumwa wapi, mpenzi?"

Mpenzi! Roho iliniuma, nusura nimkanyage vidole.

Akaigonga mota taratibu kwa mpini wa bisibisi. Ikazunguka kidogo, ikasimama. "Kaboni za ndani za kupitisha umeme zimekwisha," akasema, kwa sauti ya mtu aliyefiwa. Akaifungua, akaipakata, akaifuta vumbi kwa taulo langu jipya, akaapa kuzunguka mji mzima kesho amtafutie kaboni nyingine.

Duka la dawa liko ng'ambo ya barabara yetu. Hajavuka.

Nikakohoa makusudi, kwa nguvu zote. Hatimaye akainua uso, akanitazama.

"Ukikohoa geukia kule," akasema. "Unyevu unaharibu mota."

Nikainama hadi karibu kabisa na ile mota aliyoipakata, nikakohoa tena.