Rafu za Jikoni na Ukoo wa Elementi

Nina diploma ya utunzaji wa bohari, na ni diploma hiyo iliyotaka kumtoa binti yangu darasa la sayansi.

Mwalimu wake wa kemia alishasema: Jumatatu atamhoji kwa mdomo kuhusu jedwali la elementi, akishindwa anahamishwa. Nikamkuta binti analia, kitabu kimemfunika uso. Mimi kwa machozi sina subira.

"Jifute. Kupanga vitu ndiyo kazi yangu."

Nikateremsha makopo yote ya jikoni, nikayabandika majina ya elementi, nikayarudisha rafuni kwa mpangilio wa kitabu. Bohari haina mambo mengi: rafu moja, familia moja. Sabuni na sabuni, misumari na misumari. Basi sodiamu, magnesiamu, alumini na silikoni wakakaa rafu moja, ndugu wa tumbo moja. Binti akakariri wiki nzima. Nikajiona profesa.

Jumapili mchana akasimama mbele ya rafu na kitabu chake.

"Mama, familia zinashuka. Haziendi pembeni."

"Nani kasema?"

"Kitabu. Lithiamu, chini yake sodiamu, chini yake potasiamu. Zote zikiguswa na maji zinazua fujo. Undugu wenyewe ndio huo."

"Kwenye rafu tunapanga pembeni, mwanangu."

"Mama, elementi hazikusomea bohari."

Akaanza kushusha makopo, akayapanga upya sakafuni kwa safu za kushuka. Mimi nikavuta kiti. Kushindwa na mtoto niliyemfunga nepi kuliniuma, nikatafuta pengine pa kukamatia.

"Haya. Lakini silikoni ni metali. Si inang'aa?"

"Inang'aa, ila ukiigonga inapasuka kama sahani. Metali ingebonyea tu. Na umeme inaupitisha kwa shingo upande, si kama shaba. Ndiyo maana ni metaloidi: huku imo, kule imo."

"Kama baba yako nikigombana na shangazi yako."

"Mama!"

"Endelea. Na boroni? Naye kaingiaje humo?"

Akanieleza. Nikabisha. Akaeleza tena, kwa maneno mengine, mkono kiunoni. Ningependa kusema nilikuwa nampima. Wapi! Nilikuwa nataka kushinda japo kopo moja, na sikulipata.

Jumatatu akarudi, akatupa mkoba kwenye kiti.

"Nimebaki sayansi! Mwalimu kanibishia kila jibu, mimi namjibu tu. Mwishoni akauliza nani alinifundisha."

"Ukasemaje?"

"Mama yangu. Akasema, kumbe mama yako anajua kemia!"

Nikanyoosha shingo, nikarekebisha kitambaa kichwani.

"Nikamwambia hapana, mwalimu. Anajua kubisha."

Hilo sikulibishia.