Walioingia na Waliotoka

Ghala lile la nafaka lilipigwa dawa kila baada ya miezi miwili. Milango ilizibwa, gesi ikaachiwa siku tatu, na chochote chenye pumzi kikaisha. Ndiyo maana meneja alimtaka fundi wa programu, dada mmoja mpole wa ofisi ya juu, aandike programu ya kuhakikisha hakuna mtu anayebaki ndani. Kila mfanyakazi aligusisha kadi mlangoni akiingia, akagusisha tena akitoka. Programu ilipaswa kuangalia jambo moja: je, walioingia wote wamo katika orodha ya waliotoka? Kama wamo, taa ya kijani.

Aliijaribu kwa watu watano walioingia na watano haohao waliotoka. Kijani. Akaridhika, akaenda kunywa chai.

Siku ya dawa, saa nne asubuhi, taa iliwaka kijani. Msimamizi akafunga milango, gesi ikaachiwa.

Mama Mizani, mpimaji wa magunia, alikuwa nyuma ya rundo la mwisho. Presha ilikuwa imempanda, akaketi chini apumue kidogo. Hakuna aliyejua, mpaka jioni mumewe alipopiga simu kuuliza mbona hajafika. Walipofungua, alikuwa ameshafariki.

Fundi alifungua programu yake. Mstari mmoja tu ulikuwa umepinduka. Aliuliza kama waliotoka wote wamo kati ya walioingia. Jibu la swali hilo ni ndiyo kila siku ya Mungu, maana hatoki mtu ambaye hakuingia. Waliingia ishirini, wakatoka kumi na tisa, na mashine ikasema sawa.

Alimwonyesha meneja. Meneja akainuka, akafunga mlango wa ofisi.

"Tutasema kadi yake ilikuwa mbovu, na yeye alijua akanyamaza."

"Kadi ilikuwa nzima, bosi."

"Marehemu hatabisha. Wewe una watoto wawili, dada yangu. Fikiria."

Alifikiria siku mbili. Kwa miaka minne Mama Mizani alimwita mwanangu, akimtania kwamba kompyuta itamfanya kalio liwe bapa kama meza. Siku ya tatu akaenda msibani, akamkuta mume wa marehemu ameketi uani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Habari ya kadi mliyoambiwa na meneja ni uongo. Kosa ni langu. Niliandika kinyume."

Mzee hakuelewa.

"Ni kama mzazi anayeuliza, 'Waliorudi wote ni wanangu?' badala ya kuuliza, 'Wanangu wote wamerudi?'"



"Kwa hiyo hakukosea yeye."

"Hakukosea, baba."

"Watoto wameambiwa mama yao alikuwa mzembe. Ingia ndani, waambie wewe."

Akawaambia. Binti mkubwa alimtemea mate miguuni, na hakuna aliyemkanya.

Alifukuzwa kazi wiki ileile. Polisi walichukua maelezo yake, kisha wakamwita meneja. Mzee hakumtafuta tena. Ripoti ya uchunguzi ilipotoka, maneno "uzembe wa marehemu" hayakuwemo, na jina la fundi lilikuwa ukurasa wa kwanza. Aliisoma amesimama kituo cha basi, akaikunja, akashindwa kukumbuka basi lake ni lipi.