Bibi Anasema Nini?

Daudi hakutaka kwenda kula kwa Wachina. Alisema njaa ya Jumamosi, baada ya wiki nzima ya kulala chini ya magari ya watu gereji kwake Kizota, inataka ugali na mlenda, siyo sambusa za kuchemsha. Lakini mkewe Restuta, muuguzi wa wodi ya watu wazima, alikuwa amepata siku yake ya kwanza ya mapumziko baada ya majuma mawili, na siku hiyo yeye ndiye aliyechagua.

Mgahawa ulikuwa Barabara ya Saba, katikati ya mji: meza sita za plastiki, feni moja, na karatasi ukutani iliyoandikwa kwa kalamu nene HAPA HATUPIKI KITIMOTO, yaani nguruwe. Karibu na mlango wa jikoni aliketi bibi wa Kichina, mwembamba, nywele nyeupe zimekatwa fupi kama za mtoto wa shule. Alikuwa anakunja jiaozi, zile sambusa za kuchemsha. Anachukua kiduara cha unga, anatia nyama na kabichi kidogo, anabana ukingo kwa vidole, anaweka kwenye sinia. Hakuwa anaitazama mikono yake. Alikuwa anatazama wateja.

"Shikamoo, bibi," Restuta alisema walipompita.

"Marahaba!" bibi akajibu kwa sauti kubwa, akafurahi mwenyewe.

"Kiswahili chake ndicho hicho tu," alisema Asma, mhudumu, binti wa Kondoa aliyevaa ushungi wa kijani. "Ni mama yake kaka Chen, mwenye mgahawa. Kaka kaenda Singida kufuata vitunguu. Leo tumebaki mimi na bibi."

Jiaozi zikaja zinatoa mvuke, na kibakuli cha siki na pilipili. Daudi alimaliza sahani ya kwanza bila kusema neno, akaagiza ya pili. Restuta alikuwa bado anamcheka aliposikia sinia linaanguka.

Bibi alikuwa palepale kwenye kiti chake. Mkono wa kulia ulikuwa umelala kwenye unga juu ya meza, naye anautazama kama kitu cha mtu mwingine kilichosahauliwa hapo. Upande wa kulia wa uso ulikuwa umeshuka. Restuta akainuka kabla hajajua kwamba ameinuka. Akaangalia saa ya ukutani: saa saba na dakika kumi.

"Kiharusi," alimwambia Daudi. "Lete gari mlangoni."

Ndipo bibi akaanza kusema. Alisema haraka, kwa sauti iliyonyooka, macho yake kwa Restuta, kama mtu anayetoa maagizo muhimu na hana muda. Kuna neno lilikuwa linarudi, tena na tena, na kila likirudi alikuwa anaugonga mguu wa Restuta kwa mkono wake mzima.

"Anasema nini?" Restuta akauliza.

"Sijui, dada," Asma akasema. "Mimi najua ya jikoni tu." Akapiga magoti mbele ya bibi, akaanza kuyataja yote aliyoyajua, moja moja: maji, unga, nyama, moto, haraka. "Shui, bibi? Shui?" Bibi akamtazama, akasema tena lile neno lake, safari hii kwa hasira. Asma akakimbilia maji.

"Usimpe! Atapaliwa."

Daudi alikuwa amerudi, gari linanguruma nje. Akatoa simu, akaifungua sehemu ya kutafsiri, akamsogezea bibi mdomoni. Bibi akasema mengi. Simu ikafikiri, ikasema haijasikia vizuri, wajaribu tena. Wakajaribu tena. Asma akampigia Chen mara tatu, hapatikani.

"Twende," Restuta akasema. "Tumeshapoteza dakika sita."

Daudi akambeba bibi mikononi, Asma akafunga mlango na kuwafuata garini. Njia nzima hadi hospitali bibi hakunyamaza. Alikuwa ameushika mkono wa Restuta kwa nguvu asizomdhania, akimweleza, akingoja jibu, akimweleza upya polepole, kama anavyoelezwa mtoto mzito wa kuelewa. Restuta akawa anaitikia "ndiyo, bibi, ndiyo," huku akiogopa kwamba huenda anakubali jambo asiloliweza.

Ilikuwa hospitali ya kazini kwa Restuta na mapokezi walimfahamu, lakini maswali yalikuwa yaleyale ambayo yeye mwenyewe huwauliza watu kila siku, na huwa anawakasirikia wasipojua. Jina kamili? Umri? Ana presha? Anatumia dawa gani? Restuta akamgeukia Asma. Asma akasema amewahi kuona vidonge vyeupe kwenye kopo, lakini maandishi ni ya Kichina. Basi. Restuta akasimama pale na mikono yake iliyojaa unga, hana la kuandikisha.

Bibi alipokuwa anasubiri kuingizwa kwenye kipimo, simu ya Asma ikaita. Ni Chen. Restuta akamweleza kwa maneno machache, akaiweka simu kwenye spika karibu na sikio la bibi.

"Mama!" Chen akaita, akaendelea kwa lugha yao.

Bibi akasikiliza. Uso ukamlegea kwa faraja, ule upande uliokuwa bado unaweza. Akasema yote, kwa kirefu, bila kusita. Asma akafuta machozi. Hatimaye mtu mwenyewe amepatikana.

Bibi alipomaliza, Restuta akaisogeza simu kwake.

"Kaka Chen?" Restuta akasema. "Mtandao umekata?"

"Nasikia vizuri." Sauti ilikuwa ndogo. "Dada, sielewi. Hii siyo Kichina. Siyo lugha ya kijijini kwetu. Siyo maneno."

Restuta alikuwa ameuguza wagonjwa wengi wa kiharusi. Alijua ugonjwa huo huweza kumwachia mtu sauti na kumnyang'anya maneno, na mwenyewe asijue kwamba yamekwenda. Lakini kwa Mchina hakuwaza hivyo. Muda wote aliamini yupo mtu mahali fulani atakayemwelewa.

Kipimo kilionyesha damu imevuja kwenye ubongo, nyingi. Daktari akasema watamfuatilia tu. Restuta hakuhitaji kuelezwa maana yake.

Chen alifika saa kumi na moja jioni, shati limejaa vumbi la barabara. Akakaa kitandani, akaushika mkono wa mama yake. Bibi akamweleza tena. Alipoona mwanawe hamjibu, akakasirika, akageuza uso ukutani, akaanza kulia. Chen akamtazama Restuta.

"Wewe nesi. Unaona watu wengi. Anasema nini?"

"Sijui, kaka."

"Anaomba kitu? Anaumwa mahali?"

"Kweli sijui."

Daudi, aliyekuwa amesimama mlangoni, akatoka nje ya wodi.

Bibi aliendelea kusema kwa siku tatu. Restuta aliporudi kazini Jumatatu alimkuta Asma amekaa kando ya kitanda, akimsikiliza na kutikisa kichwa. Siku ya nne sauti ikaisha, na Ijumaa alfajiri akafariki. Chen alikuwa naye. Restuta alipokuja zamu ya asubuhi alimkuta bado amekaa, akisema maneno ya Kichina yamemwishia, akimuomba mtu yeyote anayepita amtajie neno la Kiswahili la kumuaga mzazi. Restuta alifikiri sana, akamwambia hakuna neno moja. Kila mtu husema lake.